Insulini ilizaliwa Toronto, kiwanda kikaenda na nani?

Tarehe 11 Januari 1922, katika Hospitali Kuu ya Toronto, kijana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson alidungwa maji mazito ya rangi ya udongo yaliyotolewa kwenye kongosho la ng'ombe. Alikuwa amebaki ngozi na mifupa, kwa kuwa tiba ya kisukari enzi hizo ilikuwa kumnyima mgonjwa chakula. Dawa ile ilishusha sukari kidogo tu, na pale sindano ilipoingia pakaota jipu. Siku 12 baadaye alidungwa tena, safari hii dawa iliyosafishwa na mkemia James Collip, na sukari kwenye mkojo ikakaribia kwisha kabisa. Aliishi miaka 13 zaidi. Mwaka 1923 Collip, Frederick Banting na Charles Best walikiuzia Chuo Kikuu cha Toronto hataza yao kwa dola moja kila mmoja. Kisa hicho husimuliwa kila Novemba 14, Siku ya Kisukari Duniani, ambayo ndiyo siku aliyozaliwa Banting, na kwa kawaida msimulizi huishia kwenye ile dola. Mimi naona utamu wa hadithi unaanzia pale anaponyamaza. Hataza ilitolewa karibu bure, lakini bei ya dawa ilikwenda na aliyeshika kiwanda.

Leo kampuni tatu, Eli Lilly, Novo Nordisk na Sanofi, zinashika zaidi ya asilimia 90 ya soko la insulini duniani. Zote tatu zina mguu Toronto. Masika ya 1922 watafiti walishindwa kutengeneza dawa yao kwa wingi. Hata Collip alipoteza njia aliyoivumbua mwenyewe, wagonjwa wakingoja. Ndipo chuo kikaiita Eli Lilly ya Indianapolis. Mwishoni mwa mwaka huohuo mwanasayansi August Krogh alikuja kutoka Denmark akaondoka na ruhusa ya kutengeneza insulini, iliyozaa Nordisk, mzizi wa Novo Nordisk. Sanofi nayo ndiyo inayomiliki eneo la iliyokuwa Maabara ya Connaught, barabara ya Steeles, kaskazini mwa jiji. Hataza ya kwanza ilipokwisha muda wake, kila aina mpya ya insulini ilikuja na hataza mpya, na hizo hazikuuzwa kwa dola moja. Kichupa cha Humalog kilichouzwa Marekani kwa dola 21 mwaka 1996 kilipita dola 270 kabla kampuni haijakubali kupunguza mwaka 2023. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 katika jarida la BMJ Global Health ulikadiria kwamba insulini ya kawaida ya kumtosha mgonjwa mwaka mzima ingeweza kuuzwa kwa dola 48 hadi 71, faida ya mtengenezaji ikiwemo. Hata hivyo, Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa nusu ya wenye kisukari cha aina ya pili wanaohitaji insulini hawaipati.

Connaught inastahili kuangaliwa kwa karibu, kwa kuwa inaonyesha kwamba njia nyingine ilikuwepo na ilifanya kazi. Daktari John FitzGerald aliianzisha mwaka 1914 kwenye zizi la farasi mtaa wa Barton, ili kutengeneza dawa ya dondakoo ambayo familia maskini hazikumudu ilipotoka Marekani. Ilikuwa mali ya chuo kikuu, ikijiendesha kwa mauzo yake, na ziada ikirudi kwenye utafiti. Humo ndimo insulini ya Canada ilimotengenezwa, na humo ndimo virusi vya chanjo ya polio ya Jonas Salk vilimokuzwa kwa wingi kwa ajili ya majaribio makubwa ya 1954. Mwaka 1972 chuo kiliiuza kwa shirika la maendeleo la serikali kuu. Shirika likabinafsishwa, na mwaka 1989 Connaught ikanunuliwa na Institut Mérieux ya Ufaransa, na baadaye ikafika mikononi mwa Sanofi.

Korona ilipoingia, Canada haikuwa na mahali pa kutengenezea chanjo yake. Wiki ya mwisho ya Januari 2021 haikupokea hata dozi moja ya Pfizer, kwa sababu kiwanda cha Puurs, Ubelgiji, kilikuwa kinafanyiwa marekebisho. Miezi miwili baadaye serikali kuu na ile ya Ontario zikaahidi mamia ya mamilioni ya dola kusaidia Sanofi kujenga kiwanda kipya cha chanjo ya mafua, palepale Steeles. Walipa kodi wakarudi na pesa kwenye kiwanja ambacho taasisi ya umma ilikuwa imekiuza.

Wapo watakaosema kiwanda cha umma huoza, na mifano ya viwanda vilivyokufa Afrika Mashariki hatuhitaji kuiagiza kutoka Canada. Wengine watakumbusha kwamba ni Eli Lilly iliyookoa uzalishaji mwaka 1922. Hoja hii ya pili ni ya kweli, nami siipunguzi: bila wahandisi wa Indianapolis maelfu wangekufa wakingoja. Lakini Toronto ya wakati ule iliialika kampuni binafsi huku ikibaki na kiwanda chake. Haikulazimika kuchagua kimoja. Na Connaught haikuwa idara ya wizara inayosubiri fungu la bajeti. Iliuza, ikalipa mishahara, ikavumbua, kwa zaidi ya nusu karne. Nao California, ambao hakuna atakayewaita maadui wa soko, mwaka 2023 walitia saini mkataba na shirika la Civica, lisilo la faida, watengenezewe insulini yenye chapa ya jimbo.

Madhara ya umma kukosa kiwanda chake yanaonekana Toronto kwenyewe, pale bei ya dawa inapomfikia mgonjwa. Kadi ya afya ya Ontario humlipia mgonjwa daktari na kitanda, lakini dawa za nyumbani ni juu yake, isipokuwa awe kwenye makundi kama vijana, wazee, au wenye gharama kubwa zikilinganishwa na kipato. Dereva wa teksi wa miaka 45 asiye na bima ya kazini huanza na mfuko wake. Sheria ya dawa ya serikali kuu ya Oktoba 2024 ililenga kuziba pengo hilo, ikianza na dawa za kisukari na uzazi wa mpango. Manitoba, British Columbia, Prince Edward Island na Yukon zikatia saini makubaliano ya kujiunga. Kufikia katikati ya 2025, Ontario haikuwemo.

Kwetu jambo hili ni la sasa. Umoja wa Afrika unataka asilimia 60 ya chanjo za bara zitengenezwe barani ifikapo 2040. Kenya ilianzisha taasisi yake ya Biovax mwaka 2021, na Bohari ya Dawa ya Tanzania imejenga kiwanda cha glovu Idofi, Njombe. Magazeti huandika sana habari za mitambo na siku ya uzinduzi. Maswali ya kuulizwa sasa, kabla mbia wa kigeni hajaingia, ni nani atamiliki hisa, bei itapangwa na nani, na kama sehemu ya umma inaweza kuuzwa bila Bunge kupiga kura. Mikataba hiyo iwekwe hadharani, na jibu la swali la tatu liwe hapana.