Karao gani husahau simu mezani?

Beshte yangu anaandika skripti ya filamu ya uhalifu. Bajeti hana. Ana kamera ya kukodi na watu watano wa mtaani walio tayari kuigiza kwa chai na mandazi. Wiki jana akanitumia kurasa za kwanza. Kwenye ukurasa wa 9, mkubwa wa polisi, fisadi hatari, anasahau simu yake kibandani. Haina namba ya siri na ushahidi wote umo ndani. Nikamuuliza, karao gani huyo? Akasema ni sinema tu, nisilete noma.

Nikamrudisha kwa Nairobi Half Life, ile ya 2012 ya David "Tosh" Gitonga. Wengi hukumbuka bunduki, lakini mimi nakumbuka vipuri. Genge la Oti linaanza kwa kung'oa sehemu za magari, na katika mji ambao watu huchonga namba ya usajili kwenye vioo vya pembeni ili visiibwe, hakuna haja ya kuelezwa zaidi. Mwas naye anatoka kijijini na mzigo wa binamuye na kuporwa siku ya kwanza. Nilipoacha chuo na kuja town, simu yangu haikumaliza wiki. Kwa hiyo hapo sikuhitaji kushawishiwa.

Utaniuliza, na huyo binamu anampataje tena katika jiji la mamilioni ya watu? Kweli, ni sadfa. Lakini inamzidishia balaa: lazima aibe gari alipe deni. Sadfa ikimwingiza mhusika shidani, mimi sibishani. El Mariachi ya Robert Rodriguez, iliyotoka 1992 na kupigwa kwa dola 7,000 hivi, imesimama juu ya sadfa moja tu. Mwanamuziki na muuaji wako mji mmoja, wote wamevaa nyeusi, wote wamebeba kasha la gitaa. Nani amewahi kulalamika? Stori inaanzia hapo, na maskini yule mwanamuziki analilipia kosa lisilo lake mpaka mwisho.

Shida ni sadfa ya kumtoa. Hapo hata Nairobi Half Life ilinikwaza kidogo. Polisi wanawabeba vijana kwenda kuwaua, sehemu inayouma kwa sababu hatuoni kama imetiwa chumvi. Mwas anaponea chupuchupu, halafu anawahi jukwaani kuigiza. Nairobi hii, yenye jam hii? Joseph Wairimu anaigiza vizuri (Durban walimpa tuzo ya mwigizaji bora) hadi unasahau kuuliza. Sasa beshte yangu hana Wairimu. Ana yule kijana wa kinyozi.

Nimemwambia aiwekee simu namba ya siri, halafu aone mhusika wake atafanya nini. Alinuna siku mbili. Leo asubuhi amenitumia ujumbe: eti mafundi wa Luthuli hutoza pesa ngapi kufungua simu ambayo si yako?