Mtoto wa kisukari na chapati

 

Darasani kwangu kuna mtoto wa miaka 8 mwenye kisukari, yule wa kuchomwa insulini kila siku. Mama yake hakosi hata sindano moja. Lakini tumbo linamjaa, anaharisha, harefuki, na sukari inashuka ghafla. Majirani wakaanza maneno: mara mama anamnyima chakula, mara mtoto amerogwa. Mama akaniambia, "Mwalimu, sindano nampiga, chakula nampa, lakini mtoto anaisha." Na mimi, kila sukari iliposhuka, nilimpa biskuti. Kumbe nilikuwa namuumiza!

Hospitali ya rufaa walimpima, wakakuta ugonjwa wa pili unaoitwa seliaki. Ndani ya ngano na shayiri mna kitu kinaitwa gluteni. Mwenye seliaki akikila, kinga ya mwili wake inaumiza utumbo mdogo, na chakula hakiingii vizuri kwenye damu. Insulini imeingia, chakula hakijaingia, basi sukari inaanguka.

Si uchawi na hauambukizi. Watoto wa kisukari cha namna hii wanaupata zaidi kuliko watoto wengine, na wengine hawaonyeshi dalili yoyote. Hata wakimbizi wenzetu wa Sahara Magharibi, walioko makambi ya Tindouf, Algeria, wanaujua. Chakula chao kikubwa ni ngano, na utafiti uliotolewa mwaka 1999 ulikuta zaidi ya watoto 5 katika kila 100 wanao.

Wazazi, tushike haya:

1. Insulini isiachwe hata siku moja.

2. Msimwachishe mtoto ngano kabla ya kupimwa. Akiiacha mapema, kipimo cha damu kinaweza kudanganya.

3. Akikutwa nao, ngano basi, maisha yote: chapati, mandazi, mkate, tambi, biskuti. Hata kidogo inadhuru, hata mafuta yaliyokaanga mandazi.

4. Ugali wa mahindi au muhogo, wali, ndizi, viazi, maharage, samaki na sombe havina shida. Ila ulizeni kama mashine ya kusaga imetoka kusaga ngano. Na uji wa msaada, ulizeni: ni mahindi na soya, au ngano na soya?

5. Sukari ikishuka, mpe maji yenye sukari, si biskuti.

6. Utumbo ukipona, chakula kinaingia zaidi. Mrudi kwa muuguzi aangalie kipimo cha insulini.

Mtoto wetu sasa anakuja na muhogo wake wa kuchemsha. Wenzake wanamnyooshea mandazi, anakataa, wanamcheka. Tafadhali, jioni hii waelezeni watoto wenu. Na yule mama, tumwombe msamaha. Mimi nimeshaanza.

Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.

Mwalimu wenu