Pipa la tope kabla ya chujio

Ndugu memba wa koperative, tunajua wengine watakasirika tukisema hivi: chujio la membrani lisinunuliwe kabla ya pipa la kutulizia maji. Tunasema hivyo juu tumeona. Kiangazi cha mwaka jana, katika koperative moja ya hapa Kabambare, maji yaliyooshea presi ya mawese na vyombo yalimwagwa moja kwa moja ndani ya chujio jipya ili yarudi bustanini. Wiki ya tatu yalitoka tone kwa tone. Wamama wakarudi mtoni na bidoni, watu wakasema chujio ni bovu.

Halikuwa bovu. Membrani ni kama ngozi nyembamba yenye matundu ambayo jicho halioni. Udongo ukiyaziba, unasukuma maji safi kinyume na sehemu kubwa inatoka. Lakini mawese na sabuni vikishika pale, maji peke yake hayatoshi. Inabaki dawa, na dawa hiyo hapa tutaipata wapi?

Hata wenye pesa hawaanzi na membrani. Windhoek, mji mkuu wa Namibia, unageuza maji machafu kuwa ya kunywa tangu 1968. Katika kiwanda chao kipya cha 2002 membrani iko karibu na mwisho: kabla yake kuna dawa ya kukusanya uchafu, kuna mchanga, kuna makaa.

Sisi tuko na mapipa na mchanga wa mto. Maji yapoe kwanza, juu ya moto mafuta yanapita tu. Yaingie polepole, yatoke katikati ya pipa kwa bomba lililopindwa kuelekea chini: mafuta yanabaki juu, tope chini. Mwenye moringa atwange mbegu kavu, akoroge humo, angoje saa moja ao mbili. Kisha pipa la pili, changarawe na mchanga uliooshwa. Maji hayo ni ya kumwagia mashina ya mboga, si ya kunywa. Ya choo yasiingie kabisa.

Shida ya kweli ni hii: nani atatoa mafuta juu ya pipa kila wiki? Kazi hiyo inanuka, na kila mara inaangukia wamama, bure. Na sisi wa mashirika tunapenda kupiga picha chujio jipya. Pipa la tope hakuna anayelipiga. Tunaona kazi hiyo ilipwe kutoka mfuko wa koperative, sawa vile mlinzi wa depo analipwa. Koperative isiyoandika jina la mtu huyo na malipo yake, sisi hatutatia sahihi ombi lake la chujio.