Ng'ombe wa Nyamgondho na Upofu wa Uhakiki

Wapo wahakiki wanaoshikilia kwamba uhusiano wa binadamu na wanyama ni mada ya wanasayansi, na kwamba mwanafunzi wa fasihi hana la kutafuta humo. Wakiambiwa kuwa Chuo Kikuu cha New York, Marekani, hufundisha mada hii kama somo dogo la shahada, huiita anasa ya wafugao mbwa sebuleni. Dai hilo ni dhaifu, na udhaifu wake hudhihirika Migori na Homa Bay.

Ichukuliwe hekaya ya Waluo kuhusu Nyamgondho mwana wa Ombare, mvuvi fukara wa Gwassi. Alimvua mwanamke ziwani, akamwoa, na boma likajaa ng'ombe. Alipolewa na kumtukana, mwanamke alirudi majini, na mifugo yote ikamfuata. Uhakiki wa mazoea husema ng'ombe ni ishara ya mali, na funzo ni shukrani. Lakini mali haitembei kwa miguu yake kumfuata mtu. Hekaya inauliza ng'ombe ni wa nani: wa mwenye boma, au wa aliyekuja nao? Swali hilo hufutika pindi mnyama anapofanywa kinyago cha binadamu.

Ni kweli kwamba Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya mwaka 1967, hudai kusomwa kisiasa. Hata hivyo, istiara hiyo si kipimo cha kila simulizi. Huko Thimlich Ohinga, Migori, urithi wa dunia tangu 2018, kuta za mawe zilizingira watu na mifugo pamoja. Katika Bonde la Lambwe, Homa Bay, mbung'o na malale viliwazuia watu kuhamia; leo Hifadhi ya Ruma, yenye kilomita za mraba 120 hivi, ndiyo makao pekee ya swala korongo nchini Kenya. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inaruhusu fidia kwa aliyejeruhiwa na mnyama. Fidia hudaiwa kwa maelezo, na maelezo ni simulizi. Nani basi atawafunza vijana kuyasikiliza na kuyapima?

Vyuo Vikuu vya Rongo na Tom Mboya vimo katika kaunti hizo mbili. Somo dogo linaloikutanisha fasihi simulizi na elimu ya wanyamapori lingefaa lianzie huko. Idara za fasihi zikilikataa, wengine wataliasisi, na hekaya ya Nyamgondho itabaki pambo la utangulizi katika vitabu vya watu wasioijua.