Huruma Iliyochelewa Birmingham

Hoja mmezisikia, wasomaji: kwamba Mei 1963, viongozi wa harakati za haki za raia walikosea kuwaacha watoto waandamane kupinga ubaguzi wa rangi huko Birmingham, Alabama. Nimezisoma neno kwa neno. Hukumu ni yenu.

Ya kwanza ni ya Meya Albert Boutwell: watoto walitumiwa na wachochezi, hawakujua walitendalo. Haya, tukubali. Mbona basi Mei 20 bodi ya elimu ya jiji iliamuru wanafunzi 1,081 wafukuzwe au wasimamishwe masomo? Asiyejua atendalo haadhibiwi kama mkosaji. Wachague moja: vikaragosi au wahalifu.

Amri hiyohiyo inaimaliza hoja ya pili, kwamba mahali pa mtoto ni darasani. Darasa lipi? Mahakama Kuu ya Marekani iliharamisha ubaguzi shuleni mwaka 1954. Miaka tisa baadaye Birmingham bado ilikuwa na shule za weupe na shule za weusi. Na aliyewarudisha wanafunzi darasani, Mei 22, ni Jaji Elbert Tuttle wa mahakama ya rufani, si hao wapenda elimu.

Kwamba maandamano hayakuzaa kitu, sitapoteza wino: Mei 10 yalipatikana makubaliano ya kuondoa ubaguzi kwenye kaunta za chakula madukani.

Iliyo nzito ni hatari. Robert Kennedy, mwanasheria mkuu, aliitaja. Malcolm X naye alisema mwanamume wa kweli hamtangulizi mwanawe mstari wa mbele. Martin Luther King mwenyewe alisita. Hapa sicheki. Ila mzazi akiandamana alihatarisha kibarua chake. Mtoto hakuwa na mwajiri wa kumtimua. Na hatari yenyewe ilitoka wapi? Mei 3, kamishna Bull Connor aliamuru mipira ya zimamoto ifunguliwe. Maji yaliwabwaga watoto chini na kuwabiringisha barabarani kama makopo matupu. Mbwa waliowashambulia waandamanaji nao walikuwa wa polisi wake. Anayemlaumu aliyeloa na kumsahau aliyeshika mpira ameshitaki mtu siye.

Tena wanasema watoto wangebaki mbali na maandamano wangekuwa salama. Septemba 15, 1963, bomu lililipuka katika Kanisa la Kibaptisti la Mtaa wa 16, walikoanzia msafara. Wasichana wanne waliuawa: watatu wa miaka 14, mmoja wa 11. Siku hiyo hawakuwa wakiandamana. Ilikuwa Jumapili, wakijiandaa kwa ibada.