Kicheko si Kufuru: Funzo la Matigari kwa Walimu wa Mbooni

Swali la iwapo mwandishi wa riwaya ana ruhusa ya kumchukua mtu wa dini, akamvika nguo za kubuni na kuwachekesha watu kwa visa vyake, si swali la wanazuoni wa vyuo vikuu peke yao. Ni swali linalomkabili mwalimu wa fasihi katika vilima vya Mbooni, kuanzia Kikima hadi Tawa, ambako shule nyingi zilizaliwa ubavuni mwa kanisa na ambako mzazi aliyemlipia mtoto karo kwa mauzo ya mahindi na maembe ana haki ya kuuliza mtoto huyo anasomeshwa nini. Mwalimu akiikwepa riwaya ya namna hiyo, anakwepa sehemu ya kazi yake. Akiifundisha kwa pupa, anaweza kumjeruhi mwanafunzi ambaye imani ndiyo nguzo yake. Afanyeje?

Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Mnamo mwaka wa 1986 shirika la Heinemann mjini Nairobi lilichapisha riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o katika lugha ya Kikuyu, iitwayo Matigari ma Njirũũngi, yaani wale waliosazwa na risasi. Ngũgĩ, aliyefariki Mei 2025 nchini Marekani, aliiandika akiwa uhamishoni Uingereza. Mhusika mkuu ni mzee aliyepigana msituni akamshinda mlowezi Williams na mtumishi wake John Boy. Anazika silaha zake chini ya mugumo, anajifunga mshipi wa amani, kisha anarudi nyumbani kuichukua nyumba aliyoijenga kwa mikono yake. Anakuta warithi wa hao maadui ndio wenye nyumba. Basi anaanza kuzunguka nchi nzima akiuliza swali moja tu: ukweli na haki vinapatikana wapi?

Msomaji aliyelelewa katika shule ya Jumapili hatakosa kumtambua mtu huyu. Anatembea kwa miguu, anaandamana na wanyonge, miongoni mwao Guthera, mwanamke aliyedharauliwa na mji mzima. Akiwa gerezani anamegea wafungwa wenzake chakula na kinywaji chake, na mlevi mmoja mle ndani anakumbuka Karamu ya Bwana. Anatoka gerezani kwa namna isiyoelezeka. Watu wanaanza kunong'ona: wengine wanasema ni malaika Gabrieli, wengine wanasema ni Yesu mwenyewe aliyerudi. Mwishowe anatoweka mtoni, na hakuna ajuaye kwa yakini kama amekufa au yu hai.

Kwa hakika hiki si kitabu cha huzuni tupu. Kimejaa kejeli. Yumo Waziri wa Ukweli na Haki ambaye havijui vyote viwili. Mna redio iitwayo Sauti ya Ukweli inayotangaza uongo, mna gazeti lililopewa jina la kasuku, na yumo profesa aliyebobea katika taaluma ya ukasuku. Kasisi anapoulizwa swali la Matigari anajificha nyuma ya maandiko. Hata mwanafunzi na mwalimu, wanapoulizwa, woga unawafunga midomo. Nawaomba walimu wenzangu wasiiruke sehemu hiyo, kwa kuwa inatuhusu sisi kabla ya kumhusu mtu mwingine yeyote.

Wasomaji wa kwanza waliipokeaje? Kwa maelezo ya Ngũgĩ mwenyewe, kufikia Januari 1987 wakulima wa sehemu za Kenya ya kati walikuwa wakimzungumzia Matigari kana kwamba ni mtu mwenye damu na nyama, anayezunguka nchini akidai ukweli na haki. Habari zikafika kwa wakubwa, amri ikatolewa akamatwe. Polisi walipopeleleza waligundua kwamba mtuhumiwa ni mhusika wa kitabu. Hapo, badala ya kucheka na kurudi nyumbani, serikali ilikigeukia kitabu chenyewe. Mnamo Februari 1987 nakala zilikusanywa madukani na kuondolewa.

Tukio hilo huchekesha, lakini kuna jambo zito ndani yake. Wasomaji wale, na hasa wasikilizaji waliosomewa kitabu kwa sauti, hawakukosea kwa sababu ya ujinga. Waliitambua hadithi ya kale waliyoijua kwa moyo, ya mwenye haki anayerudi kuuliza hesabu, na wakaiona inatembea katika nchi yao. Mwaka mmoja baadaye, Juni 1988, gazeti la Kenya Times lilichapisha habari na picha ya mtu mrefu aliyevaa kanzu nyeupe katika mkutano wa maombi wa Mary Akatsa mtaani Kawangware, Nairobi, na waumini wengi wakaamini kwamba wamemwona Yesu. Atakaye kucheka na acheke. Lakini nchi ambayo watu wake walikuwa wakimngoja mkombozi kiasi hicho ilikuwa ikisema neno kuhusu hali yake, na riwaya ilikuwa imelisikia neno hilo mapema.

Sasa tusikilize upande wa pili, maana ni haki usikilizwe. Wako wazazi, wachungaji na hata walimu wanaosema kwamba kumfananisha mpiganaji wa msituni na Kristo ni kumshusha Kristo. Wanauliza: iweje mtu aliyezika bunduki alinganishwe na yule aliyemwambia Petro airudishe upanga alani? Hoja hiyo si ya kipuuzi. Ni hoja ya kifasihi barabara, na mwanafunzi anayeitoa darasani amekwisha kusoma kwa makini kuliko anayekariri muhtasari wa maswali na majibu. Kosa si kuwa na hoja hiyo. Kosa ni kuitumia kama kufuli, kitabu kisifunguliwe kabisa.

Yafaa tujiulize pia ni nani hasa anayechekwa. Katika Matigari hachekwi Kristo. Wanachekwa wanaolitumia jina la Mungu kufunika dhuluma. Manabii wa Agano la Kale walifanya hivyo hivyo: Eliya aliwadhihaki manabii wa Baali mbele ya umma juu ya Karmeli, akawaambia wapaze sauti, huenda mungu wao amelala. Dini isiyojua kejeli haikuandikwa katika Biblia tuliyo nayo.

Wala Akamba hawakungoja wamishenari wala waandishi wa riwaya ili waanze kutabasamu mbele ya mambo ya Mungu. Masimulizi ya wazee wetu juu ya asili ya kifo yanasema Mungu alimtuma kinyonga awaletee watu habari njema kwamba wakifa watafufuka. Kinyonga akafika, akaanza kugugumia, nilitumwa, nilitumwa, hata ndege mwenye haraka akamkatiza na kutoa ujumbe wa kinyume. Ndipo tukafa. Hapo mjumbe wa Mungu ni kichekesho, na jambo lenyewe ndilo zito kuliko yote duniani. Bibi aliyemsimulia mjukuu wake kisa hicho hakuwa akimkufuru Mungu. Alikuwa akimfundisha mtoto kulitazama kaburi bila kuzimia. Profesa John Mbiti, mzaliwa wa Kitui aliyekuwa kasisi na mwanatheolojia mashuhuri hadi alipofariki mwaka wa 2019, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake akikusanya na kuchambua masimulizi ya namna hiyo, wala imani yake haikupungua.

Ulimwenguni kwingine mambo ni hayo hayo. Mnamo 2002 Mmarekani Christopher Moore alichapisha riwaya iitwayo Lamb, inayosimulia utoto na ujana wa Yesu kwa mdomo wa rafiki yake wa kubuni aitwaye Biff. Mwandishi aliingia katika pengo ambalo Injili zenyewe zimeliacha: Luka anatuonyesha mtoto wa miaka 12 hekaluni, kisha kimya mpaka mtu mzima wa miaka kama 30. Wako waumini waliochukizwa na mzaha wake, na wako waumini waliokifunga kitabu wakimpenda zaidi yule mtoto wa Nazareti. Kitabu kimoja, wasomaji wa imani moja, hukumu mbili.

Hata hivyo haifai kujidanganya kwamba kila kicheko ni halali na kila maumivu ni ushamba. Kitabu cha Salman Rushdie, The Satanic Verses, kilipotoka mwaka wa 1988, Waislamu wengi duniani waliumia kweli, na Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi zilizokipiga marufuku. Wengi waliokilaani hawakuwa wamekisoma, na wengi waliokitetea hawakuwa wamekisoma vilevile. Agosti 2022, zaidi ya miaka 30 baadaye, mwandishi huyo alichomwa kisu jukwaani katika jimbo la New York. Mtu anaweza kusema kitabu kimemuumiza, na ana haki ya kusema hivyo kwa sauti kubwa. Lakini baina ya neno na kisu pana mpaka ambao mwalimu asipoufundisha darasani hautafundishwa popote.

Kuhusu marufuku, historia yetu imekwisha kutoa ushahidi. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka wa 1971, ambayo jina lake lenyewe ni sifa ya Bikira Maria, ilizuiwa katika shule za Tanzania, kisha baadaye ikaja kusomwa katika shule hizo hizo. Hapa kwetu Makueni, David Maillu, mzaliwa wa Kilungu, aliandika vitabu ambavyo Tanzania ilivipiga marufuku mwaka wa 1976, na wasomaji wakavinunua kwa wingi wakavisoma kwa siri. Kinachosomwa kwa siri hakina mwalimu wa kukieleza wala mzazi wa kukipinga. Kinabaki na kijana peke yake. Je, hilo ndilo tunalolitaka?

Wengine watasema kwamba shule ina mfadhili wake, na mfadhili ni kanisa. Ni kweli. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka wa 2013 inampa mfadhili nafasi katika bodi ya shule na jukumu la malezi ya kiroho. Lakini sheria hiyo hiyo inataka imani za wasio wa dhehebu lake zilindwe. Katika darasa moja la Mbooni unaweza kumkuta mtoto wa African Inland Church, Mkatoliki, Msabato na Mwislamu wamekalia dawati moja. Ulinzi huo hauji kwa kunyamazisha vitabu. Unakuja kwa kuwazoeza watoto hao kusikilizana.

Basi napendekeza haya. Kwanza, mwalimu asiingize riwaya ya namna hii darasani kwa kunyatia. Na amweleze mwalimu mkuu na wazazi ni kitabu gani na kwa nini amekichagua, na mwenye shaka apewe nakala akisome. Pili, Injili na riwaya zisomwe sambamba, mwanafunzi aonyeshe ni wapi mwandishi amefuata, wapi amepinda, na kwa shabaha gani. Huwezi kuiona kejeli ya Karamu ya gerezani kama hujui ile Karamu yenyewe, kwa hiyo fasihi itakuwa imempeleka kijana kwenye Biblia badala ya kumwondoa. Tatu, mwanafunzi anayekataa kucheka asilazimishwe kucheka. Aandike insha ya kupinga, nayo isahihishwe kwa uzito wa hoja zake. Mwalimu anayetumia riwaya kuidhihaki imani ya mtoto amefanya jambo ambalo riwaya yenyewe haikulifanya.

Nanyi wanafunzi, msijiunge na kundi la wanaohukumu jalada. Wahenga walisema asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Matigari aliuliza swali moja nchi nzima, na waliomwogopa zaidi ni wale waliokuwa na jibu wakalificha. Someni, ulizeni, pingeni, na mkiona inafaa, chekeni. Imani iliyostahimili misumari ya msalaba haitaangushwa na kicheko cha darasani, na kama mtu anahofu kwamba itaangushwa, basi hofu hiyo ndiyo inayopaswa kuchunguzwa kabla ya kitabu.