Vita Vyao, Pesa Zetu

Usiku wa Juni 10, 2013, kwenye maonyesho ya E3 huko Los Angeles, ukumbi mzima wa watu wazima ulilipuka kwa mayowe kwa sababu Sony iliwaambia kwamba diski watakayonunua kwa pesa zao itakuwa yao. Soma hiyo sentensi polepole. Hawakuahidiwa kitu kipya. Waliahidiwa kwamba hawatanyang'anywa kile walichokuwa nacho tayari, na wakashangilia kama mtu aliyerudishiwa simu yake na mwizi.

Sawa, najua kwa nini walishangilia. Wiki tatu kabla ya hapo Microsoft ilikuwa imezindua Xbox One, na muda si muda masharti yake yakajulikana: konsoli iingie kwenye intaneti angalau mara moja kila saa 24, la sivyo gemu hazichezeki, kuuza na kuazimana diski kuwe na mipaka, kamera ya Kinect iwe imechomekwa, na bei iwe dola 499. Sony ikaja na dola 399 bila masharti hayo, pamoja na kavideo ka sekunde ishirini na kitu ambamo bosi mmoja anampa mwenzake diski mkononi, basi. Hayo ndiyo yalikuwa maelekezo rasmi ya jinsi ya kuazimana gemu. Ilichekesha, kusema kweli. Mimi nilikuwa darasa la saba, na hata sisi tuliokuwa tukilipa bob kumi kwa mechi moja kwenye kibanda cha PS tulisikia kwamba Sony imemaliza Microsoft.

Lakini kuna jambo lilisemwa jukwaani usiku huohuo ambalo shabiki wa PlayStation hapendi kulikumbuka. Kwenye PS3, kucheza na wenzako mtandaoni kulikuwa bure. Kwenye PS4, Sony ikatangaza, utalipia PlayStation Plus kwanza. Ile ada ambayo watu wa Sony walikuwa wakiwacheka watu wa Xbox kwa kuilipa, sasa ilikuwa imehamia kwao. Marekani ilianza kwa dola 50 kwa mwaka, ikawa 60 mwaka 2016, na Septemba 2023 ikafika 80. Mkono mmoja ulitoa diski, mwingine ukaingia mfukoni, na ukumbi ulikuwa na shughuli ya kupiga makofi.

Ndiyo maana nikiona wasee wanatukanana kwa sababu ya konsoli, sioni vita. Naona kampuni zinapima mnunuzi anaweza kuvumilia nini. Moja ikijaribu jambo likapigiwa kelele, nyingine inachukua sifa, inangoja vumbi litulie, kisha inalifanya jambo lilelile pole pole, kwa jina lingine. Ule msemo wa fahali wawili na nyasi hautoshi hapa. Hapa nyasi ndizo zinazolipia tiketi, halafu zinashangilia.

Utaniambia: si ndiyo faida ya ushindani hiyo? Si Microsoft ilirudi nyuma? Ilirudi, Juni 19, siku tisa tu baada ya ule usiku. Don Mattrick, aliyekuwa akiongoza Xbox, alikuwa amesema kwamba asiye na intaneti ana bidhaa yake tayari, inaitwa Xbox 360, na akatoa mfano wa mtu aliye ndani ya nyambizi ya nyuklia. Nyambizi! Mtu wa Githurai ambaye bando limeisha na tokeni za stima zinahesabika hakumjia akilini kabisa. Julai ilipoanza, ikatangazwa kwamba Mattrick anahamia Zynga. Kwa hivyo nakubali, ushindani ulitusaidia. Kwa siku tisa.

Sasa angalia kilichofuata. Novemba 2023 Sony ilitoa PS5 nyembamba ambayo kisomea diski chake kinatoka na kinaweza kununuliwa peke yake. Ukikifunga mara ya kwanza, konsoli lazima iingie kwenye intaneti ndipo ikitambue. Kampuni ileile ya kile kivideo! Mwaka mmoja baadaye ikaja PS5 Pro, dola 700 kasoro senti, bila kisomea diski kabisa. Ukikitaka, ongeza pesa. Microsoft nayo ilikuwa imeshauza Xbox One ya bila diski mwaka 2019, na Series S mwaka uliofuata. Hakuna aliyepiga marufuku kuazimana diski. Waliondoa tu mahali pa kuiingiza.

Na kwetu hilo si jambo dogo. Kijana anayenunua gemu mpya kwa maelfu ya shilingi hununua akijua kwamba akiimaliza ataiuza au atabadilishana na mwenzake, ndipo apate ya pili. Diski ndiyo benki yake. Gemu iliyopakuliwa haiuziki, hairithiki, haiwekwi rehani. Tena California, nyumbani kwa makao makuu ya PlayStation, ilipitisha sheria mwaka 2024 inayozuia maduka ya mtandaoni kutumia maneno kama "nunua" bila kumweleza mteja wazi kwamba anachopewa ni leseni. Maana yake wabunge wa kule walikaa, wakaangalia kitufe cha duka, wakaona kinadanganya.

Waswahili husema ahadi ni deni. Kwa hawa, ahadi ni tangazo. Sanduku la PS5 liliandikwa 8K tangu 2020. Mwaka 2024 watu wakagundua maandishi hayo yametoweka, kimya kimya, kama jina la mgombea aliyeshindwa ukutani. Microsoft ilituambia nguvu ya wingu itafanya Xbox One izidi kifaa kilicho sebuleni kwako, na Crackdown 3 ikaonyeshwa mwaka 2015 majengo yakiporomoka kwa hesabu zinazofanywa na seva za mbali. Ilitoka Februari 2019, na ule uharibifu ukawekwa upande wa mechi za mtandaoni pekee. Perfect Dark ilitangazwa Desemba 2020. Julai 2025 ikafutwa, na studio iliyokuwa ikiitengeneza ikafungwa. Kati ya tarehe hizo mbili, kuna watu walinunua Xbox.

Kesi inayonichoma zaidi, hata hivyo, ni ya zamani kidogo. PS3 ilipotoka Novemba 2006 iliuzwa na uwezo wa kuweka Linux ndani yake, na Sony yenyewe iliinadi hivyo: hii ni kompyuta, si mchezo wa watoto. Bei Marekani ilikuwa dola 499 na 599, na Ken Kutaragi, baba wa PlayStation, alikuwa ameshasema anataka watu wafikirie kufanya kazi saa nyingi zaidi ili waipate. Watu wakafanya. Wanafunzi na watafiti wakaitumia kwa hesabu nzito. Jeshi la Anga la Marekani likaunganisha PS3 karibu 1,760 zikawa kompyuta moja kubwa.

Halafu Aprili 1, 2010, na hiyo tarehe sijaitunga mimi, likaja sasisho namba 3.21 lililoondoa Linux. Ungeweza kulikataa. Lakini ukilikataa, huingii tena PlayStation Network. Yaani fundi amekuja nyumbani kwako, kwenye kitu ulichokwisha kulipia, anakuuliza ungependa aondoke na mlango au dirisha. Sony ilisema ni kwa sababu za usalama. Wateja wakaenda mahakamani California. Kesi ikavutwa hadi 2018, ikaisha kwa Sony kukubali kutoa dola milioni 3.75, hadi dola 65 kwa kila mwenye madai. Miaka minane kwa dola 65! Na hizo ni za aliyenunua Marekani. Aliyenunua yake Luthuli Avenue angeanzia ofisi gani?

Wakati huohuo, mashabiki wako vitani. Gor na Leopards wakipigana tunaelewa. Ni mashemeji, kuna uwanja, kuna refa, mwisho wa mechi mtu anajua nani kashinda. Lakini Mei 2019, wakati watu mtandaoni wanatoana macho, Sony na Microsoft walitia saini makubaliano ya kushirikiana kwenye teknolojia ya wingu, Sony ikiangalia kutumia mitambo ya Azure, mali ya Microsoft. Agosti 2025, Helldivers 2 iliyochapishwa na Sony ikaingia Xbox. Oktoba mwaka huohuo ikatangazwa kwamba Halo, ile Halo ambayo watu walikuwa tayari kuifia, inakuja PlayStation. Sina shida na hilo, gemu ikifika kwa watu wengi ni heri. Ninachouliza ni nani atawalipa wale walionunua konsoli nzima kwa sababu waliambiwa hii gemu hutaipata kwingine.

Na bei je? Ushindani si ndio hushusha bei? PS2 ilianza kwa dola 299 mwaka 2000, ikafika 99 mwaka 2009. Konsoli za siku hizi zinazeeka zikipanda. PS5 ya dola 499 ilifika 549 Agosti 2025. Xbox Series X, iliyoanza kwa hizohizo 499, ilifika 649 Oktoba. Mwezi huohuo Game Pass Ultimate ikaruka kutoka dola 20 hadi 30 kwa mwezi. Hii ni Microsoft iliyonunua Activision Blizzard mwaka 2023 kwa karibu dola bilioni 69 ikisema mchezaji ndiye atakayefaidika. Watataja hali ya uchumi, na sehemu yake ni kweli. Ila wapinzani wawili wakipandisha bei mwaka mmoja na hakuna anayeogopa kwamba mwenzake atamnyang'anya wateja, huo upinzani uko wapi?

Sasa turudi nyumbani, kwa sababu kuna ahadi ambayo sisi hata hatukupewa ndipo ivunjwe. PlayStation Network haitambui Kenya. Fungua akaunti mpya, shuka kwenye orodha ya nchi. Afrika Kusini utaiona, Kenya hutaiona. Kwa hivyo vijana wa Umoja na Nyali wanaishi Johannesburg, au London, au Texas, kulingana na kadi za malipo anazouza yule jamaa wa mjini. Masharti yanataka useme ukweli kuhusu unakoishi. Konsoli zipo madukani hapa, vibanda vya PS viko kila mtaa, watu wamejifunza Kiingereza cha watangazaji wa mpira humo ndani, lakini kwa hesabu rasmi za mtandao huo sisi ni wageni waliopitia dirishani.

Mei 2024 hilo lilidhihirika kwa dunia yote. Helldivers 2 ilikuwa imeuzwa kwenye Steam tangu Februari, watu wakinunua kwa kompyuta zao bila tatizo. Sony ikatangaza kwamba sasa kila mchezaji wa huko lazima awe na akaunti ya PSN. Na wale wa nchi zisizo na PSN? Gemu ikaondolewa sokoni katika nchi na maeneo 177. Wachezaji wakawaka. Maoni mabaya zaidi ya laki mbili yakamwagwa kwenye ukurasa wa gemu ndani ya siku chache, na Sony ikaghairi sharti lake kabla wiki haijaisha.

Angalia waliofanya hivyo. Hawakuwa mashabiki wa Xbox wakiichoma Sony. Walikuwa wateja wa Sony wenyewe, wengi wao wakaazi wa nchi zenye PSN ambao sharti lingewasumbua kwa dakika mbili tu. Walikasirika kwa niaba ya watu wasiowajua. Hivyo ndivyo ilivyokuwa pia Septemba 2021, Sony ilipotaka walionunua Horizon Forbidden West ya kawaida ya PS4 wasipate ya PS5 bila kununua toleo la bei ya juu, baada ya kuahidi kwamba kupanda kungekuwa bure. Wateja walipiga kelele, na siku chache tu zikatosha kuibadilisha. Lakini zile nchi 177 ziliendelea kufungiwa gemu kwa miezi mingi. Sharti liliondoka, ramani ikabaki.

Katiba yetu, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji na haki ya kufidiwa akiumizwa na bidhaa mbovu. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Wateja ya 2012 pia. Karatasi nzuri. Ila akaunti yako ikifungwa na gemu zako zote zikaenda nayo, utamshtaki nani? Jamaa wa duka alikuuzia sanduku tu. Na wewe, kwa maandishi yako mwenyewe, ni mkaazi wa Johannesburg.

Kwa hivyo usilipie gemu kabla haijatoka. Nunua kilicho ndani ya sanduku leo, si kilicho kwenye trela. Diski ikiwepo, chukua diski. Na ile nguvu ya kumtukana mwenzako kwenye grupu kwa sababu ana konsoli ya kijani na wewe una ya buluu, iandikie kampuni yako, ile unayoipenda, uiulize swali moja la orodha ya nchi. Konsoli zijazo zinatengenezwa sasa hivi. Trela zikianza kumiminika, shuka hadi chini kabisa kwenye maandishi madogo, pale wanapotaja nchi, utafute herufi K.